Jino la Shangazi na Jibu la Baba

Mwanangu Sauda, iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nashika shavu, ijapokuwa jino lililokuwa likiuma halikuwa langu. Lilikuwa la shangazi yangu, Bi Mwanahawa, Mungu amrehemu. Na lau jino lile lisingemsumbua, wewe usingekuwako hapa duniani kunijibu kwa kiburi kama ulivyonijibu jana. Kaa basi, uifunge hiyo kompyuta. Haitakimbia.

Umekuja likizo kutoka Mombasa, na badala ya kula samaki wa kwenu ukanenepa, unazunguka nyumba nzima umenuna. Mwalimu wako amekurudishia sura ya pili ya tasnifu. Kasema mahali pengi maneno si yako, na pale yalipo yako, maana si ya wenye vitabu. Usipoitengeneza, wenzako watahitimu mwaka huu na wewe utabaki. Najua inauma. Nilifundisha miaka mingi, hapa Kismayo na kule Mombasa tulikokimbilia vita, na nimeona watoto wenye akili wakikwama papo hapo.

Jana nikakwambia nisomee. Macho yangu yamechoka lakini masikio yapo. Nikasikia sentensi za watu zimevuliwa shati zikavishwa shati jingine. Palipokuwa na "wazazi" umeweka "walezi", palipokuwa na "shule" umeweka "skuli", na mwendo ni ule ule, hatua kwa hatua. Nikakuuliza, "Huyu hapa anasema nini?" Ukanijibu, "Bibi, si nimeshabadilisha maneno?" Lo! Mimi sikukuuliza umebadilisha nini. Nilikuuliza mtu kasema nini, nawe hukujua.

Kisha ukafika pale uliponikera kabisa. "Wazazi wa visiwani hawataki kusomesha wasichana." Nikakwambia nionyeshe kitabu chenyewe. Kumbe maskini mwandishi kasema wanasita pale ambapo msichana inabidi avuke bahari, na ng'ambo hana jamaa wa kukaa kwake. Wewe ukaona maneno ni mengi, ukayakata. Na kipande ulichokitupa ndimo nilimokuwamo mimi, na babangu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika sifundishi. Leo nimetulia. Kidogo.

Sasa sikiliza. Kwetu ni kisiwani Kudha, unajua. Wakati wangu madarasa ya juu yalikuwa huku Kismayo, na baba akanileta nikae kwa khala yangu, dadake mama, ili nisome. Jirani na khala palikuwa na kijana fundi wa mashua, jina lake Lali. Ndiyo, babu yako huyo huyo aliyekwenda msikitini sasa hivi. Alikuwa akipita mlangoni kwetu na msumeno begani, na upande ule hakukuwa na kazi yoyote ya msumeno. Nilikuwa namwona. Zaidi ya hapo sisemi, wewe ni mjukuu wangu.

Akawaambia wazee wake, nao wakafanya kama ipasavyo. Wakamtuma ami yake, Mzee Famau, apande boti mpaka Kudha apeleke posa kwa baba.

Mzee Famau alikuwa mchu mwema, mtu mwema kama tusemavyo kwetu, sina la kumsengenya. Ila alikuwa akijivunia ufupi wake wa maneno. Mtu akisema sana, yeye anatazama mlango. Aliporudi aliwakuta wazee wamekusanyika sebuleni wanamngoja, wakamuuliza jibu. Akasema, "Hatoi. Binti yuko shuleni." Akaomba chai.

Ndiyo hayo tu, mwanangu. Baba yangu alikuwa amekaa naye asubuhi nzima, akampa heshima yote ya mgeni, akasema aliyosema, na yote yakatoka baharini yamekuwa hayo.

Wazee wa Lali wakaona wamedharauliwa. Kumbe fundi hatoshi kwa msichana wa shule! Habari ikafika kwa khala kabla chai ya Mzee Famau haijapoa. Nililia, wallahi, nililia mpaka khala akaniambia nitaumwa. Na uchungu wote nikamtupia baba. Nikasema moyoni, amenileta huku nisome ili anifungie mlango. Baba aliyekuwa akinipenda vile! Siku chache baadaye nikasikia kwa kina Lali inatajwa nyumba moja ya kisiwa cha Chovai yenye binti mzuri. Na Lali akaacha kupita mlangoni. Hilo ndilo lililonimaliza.

Wiki hiyo hiyo akaja Bi Mwanahawa kutoka Kudha kung'olewa jino. Shavu lake lilikuwa limefura, na mimi macho yangu yamefura, tukawa kichekesho cha nyumba. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia: baba kakataa posa.

Akanikodolea macho. "Nani kasema baba yako kakataa?"

Siku ile ya posa yeye alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzake pale nyumbani Kudha, na alisikia kila kitu. Basi hakungoja hata kwenda kwa mganga wa meno. Akajifunga shavu kwa leso, akatoka, moja kwa moja hadi kwa wazee wa Lali. Mimi nikafuata nyuma, nikasimama uani kwao, nikasikiliza. Usinitazame hivyo, hata wewe ungesikiliza.

Wakamkaribisha, akakataa kahawa, akasema:

"Jino laniuma, sina kinywa cha kuwasimulia yote, na kakangu alisema mengi. Nitawapa kiini chake. Kijana hakumkataa. Amemsifu yeye na amewasifu ninyi. Binti amebakiza mwaka mmoja wa masomo, na baba yake anataka amalize kwanza. Akimaliza, na mwenyewe akiridhia, mje, mtapokelewa. Hayo ni ya kakangu. Neno moja nitawapa kama lilivyotoka kinywani mwake, maana nikiligusa nitaliharibu. Alisema, 'Mwanangu simtoi nusu.'"

Kisha akaweka mkono kifuani. "Na hili sasa ni langu mimi, msimtwike kakangu. Mimi naona amempenda kijana. Kwa sababu mgeni alipoondoka, alitoka akaenda pwani, akauliza kati ya mashua zilizofungwa pale, ipi imetengenezwa na Lali, akaizunguka kuitazama."

Mzee Famau akasema, na alisema kwa dhati, maskini, "Sasa mimi nilisema uongo gani? Si nilisema hatoi, binti yuko shuleni?"

Shangazi akamjibu kwa upole, "Hukusema uongo, ami. Ulisema amezuia. Hukusema mpaka lini, wala kwa nini."

Waona, mwanangu? Wote wawili walifupisha. Yule hakupenda maneno, huyu jino lilimzuia maneno. Lakini mmoja aliniacha nalia, na mwingine alinirudishia babangu. Pale uani hasira yangu yote kwa baba iliyeyuka, nikaona haya peke yangu. Yeye alikuwa akinitetea, nami nikadhani ananifunga.

Halafu babake Lali akafanya jambo ambalo walimu wako wangelipenda. Hakusema huyu mwongo wala huyu mkweli. Alipanda boti mwenyewe, akaenda Kudha kwa baba, akamuuliza. Baba akashangaa, "Kwani mimi nilisema nini?" Akamweleza upya. Babake Lali aliporudi hakutumia maneno ya shangazi hata kidogo, maana alikuwa mtu wa baharini na kila kitu kwake kilikuwa tanga na kamba. Lakini maana ilikuwa ile ile. Nikajua ni kweli.

Nyumba ya Chovai haikutajwa tena. Jino likang'olewa. Nikamaliza mwaka wangu, na mwaka wote ule msumeno ulipita mlangoni kwetu asubuhi na jioni. Siku ya harusi baba alinishika mkono, akasema, "Sasa umetimia." Na alikuwa akilia.

Basi, Sauda, nasaha yangu ni hii, na uishike. Kitabu ni mtu. Nyuma ya kila ukurasa yuko mtu aliyekaa asubuhi nzima akisema, na wewe umetumwa kwake. Msome mpaka umwelewe. Kisha mfunge, uje uniambie mimi, au umwambie ndugu yako, kasema nini. Ukishindwa kuniambia, hukumwelewa, na usiandike neno. Ukiweza, andika kama ulivyoniambia, kwa mdomo wako na mpangilio wako. Ukimaliza panda boti urudi kwake, fungua kitabu, ulinganishe, uone kama angeyakubali kuwa yake.

Ukifupisha, kata mifano, kata marudio, kata mbwembwe. Usikate "mpaka", usikate "iwapo", usikate "labda". Vijineno hivyo vidogo ndivyo vinavyobeba watu. Palipo na neno ambalo ukiligusa utaliharibu, liache lilivyo, ulitie alama zake za kunukuu. Na kila mara sema la nani, hata kama maneno yote ni yako, maana wazo bado ni lake. Shangazi alisema wazi, "Hayo ni ya kakangu." Ukifika kwenye la kwako, weka mkono kifuani, useme ni langu. Usilifiche nyuma ya mkubwa, wala la mkubwa usilivae.

Haya, kompyuta ingali imefungwa. Hebu niambie, yule mwandishi wako kasema nini juu ya wazazi wetu?

"Anasema... Bibi, anasema si kwamba hawataki. Wanaogopa pale mtoto inabidi asafiri kwa bahari na hana mtu wa kumpokea. Akiwa na kwa kufikia, wanamwachia."

Umesikia ulivyosema? Hakuna hata sentensi moja uliyomwibia, na hakuna ulichompunguzia. Baba yangu yumo, khala yangu yumo. Na sasa ukitaka, ongeza lako: kwamba wewe una bibi wa Kudha aliyevuka bahari kusoma. Weka mkono kifuani useme. Hilo hakuna kitabu kitakachokudai.

Wenzako wa Kisomali wanaoniita ayeeyo, yaani bibi kwa lugha yao, waite nao waje, niwasikilize mmoja mmoja. Mimi chai ninayo na muda ninao.

Mungu akufungulie fahamu, mwanangu. Akupe subira ya kusikiliza kabla ya kusema, akupe na ulimi wa kuwatendea haki hata waliokufa ambao hawawezi kurudi kukusahihisha. Akuvalishe joho pamoja na wenzako, nami niwe hai nilione. Baba yangu hakunitoa nusu, na mimi wewe sikutoi nusu.

Haya, fungua kompyuta.