Nilipamba wodi ili nipate wa kubadilishana naye kituo, nikajiponza mwenyewe

Wakuu, shikamooni kwa mnaostahili, na ninyi wengine mambo.

Najua humu kuna watu kazi yao ni kuingia kwenye uzi na kuandika "chai", yaani uongo mtupu. Leo mmepatia, kuna chai kweli humu ndani, tena ya tangawizi. Ila kisa chenyewe ni cha kweli, kimenipata mimi mwenyewe, na bado kinaniuma kidogo.

Mimi ni nesi, mwanamke, mzaliwa wa Morogoro. Kazi nilianzia hospitali moja ya vijijini mkoani Singida. Jina naliacha, bado nina marafiki pale na wengine wamo humu.

Nilikuwa wodi ya watoto. Kwa msioijua kazi hii, unaingia asubuhi, unapokea ripoti kwa mwenzako wa night anayesinzia amesimama, unaanza kugawa dawa. Mtoto analia, mama yake analia, bibi yake anakuuliza mbona daktari hajapita. Saa nne ya chai inakukuta na sindano mkononi. Ukipata kipande cha muhogo unakila umesimama chumba cha dawa, umeupa mlango mgongo ili watu wasikuone unatafuna.

Halafu utoke nje ukutane na upepo wa Singida. Macho mekundu kwa usingizi, upepo unakumalizia na vumbi.

Nilichoka wakuu. Nilifika mahali naamka asubuhi natamani niumwe, angalau nilazwe nipumzike. Nikawa mkali, nafokea hadi wanaouliza choo kiko wapi. Na mama kila Jumapili kwenye simu, "Mwanangu, unarudi lini?"

Sasa watumishi mnajua. Njia rahisi ya kuhama ni kupata mtu wa kada yako aliye kule unakotaka kwenda, na yeye anataka kuja kwako, mnabadilishana. Nikawa nashinda kwenye magrupu: "Natafuta wa kubadilishana naye, niko Singida kijijini, nataka Morogoro." Watu wanakuwekea katuni ya kucheka, wanapita.

Mpaka akatokea dada mmoja, tumwite Rehema. Nesi wa Morogoro, mume wake kahamishiwa Singida mjini na watoto kaondoka nao. Nikasema Mungu kanijibu. Kumbe kuna dada mwingine upande wa Sepuka, hukohuko Singida, naye anamtaka Rehema huyohuyo. Rehema akaniambia, "Dada, nitakuja nione kote kwa macho yangu, ndipo nichague."

Hapo ndipo akili zangu za Morogoro zikaanza kufanya kazi.

Nilimfuata in-charge wetu, mkuu wa wodi, Sista Monika, mama wa Kinyaturu asiye na haraka na jambo. Nikamwomba wiki atakayokuja Rehema tuigize. Tujifanye wodi yenye raha, mgeni aingie kingi. Nilijua atanitimua. Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, bora nipate mtu anayetaka kuja kuliko kubaki na wewe ulivyonuna. Tuigize."

Tukatoa machuma mabovu ya vitanda kwenye kachumba ka pembeni, tukaweka meza na stuli, tukatandika kitenge. Sista akapanga kupokezana, wawili wanabaki na wagonjwa, wengine wanakaa chini wanakunywa chai, kisha wanabadilishana. Aliyetoka night anakwenda kulala, hakuna cha "subiri kidogo nisaidie hapa". Na kila mtu amwite mwenzake kwa jina na aseme asante.

Ombeni, nesi mwenzetu wa kiume, akapewa kazi ya kuleta chupa ya chai. Yeye hiyo ya asante aliichukulia kama dawa ya kumeza. Ukimpa glavu, asante. Ukimwambia toka njiani, asante. Siku moja nilimsikia analishukuru bomba kwa kutoa maji.

Tulianza mapema ili tuzoee, Rehema akija asituone tunajikanyaga. Tatizo, wagonjwa nao wana macho.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kinyiramba anamuuguza mjukuu wake, nimonia. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akanivuta karibu.

"Binti, anakuja kiongozi gani?"

"Hakuna bibi."

"Usinifiche. Mmefagia mpaka kule nyuma. Na jana umenisalimia ukacheka."

Mpaka jioni wodi nzima ilishajua waziri anakuja. Watu wakaanza kupanga kero zao.

Rehema akaja. Suti ya kitenge, mkoba mkubwa, mwili wa kujaza mlango. Bibi akamtazama mara moja tu, akahitimisha kuwa waziri ndiye huyu.

Tumekaa kwenye kachumba, mgeni ana kikombe mkononi, mimi namsifia kijiji, hewa safi, kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti. Bibi akaingia bila hodi, akasimama mbele ya Rehema.

"Mheshimiwa, mimi nina kero."

Sista Monika akajaribu kumtoa. Rehema akasema, "Mwacheni. Sema mama."

"Hawa manesi wiki hii ndiyo nimewaona wanakaa chini. Siku zote wanakimbia tu. Huyu hapa," akaninyooshea kidole, "ana mdomo kama pilipili, alinifokea mpaka nikanuna. Lakini mjukuu wangu alipobanwa na pumzi hakumwachia mtu. Alimshika mpaka akatulia. Muhogo wake ukaliwa na sisimizi, mimi naona. Waongezeeni wenzao. Na wewe ukiondoka, wasiache kunywa hii chai."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Ombeni akasema, "Asante."

Tulicheka mpaka bibi akakasirika, akatoka.

Rehema akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Kwa hiyo chai hii ni kwa ajili yangu?"

Nikakubali yote, tunaigiza. Nilikuwa namwona anashika njia ya Sepuka. Akaivuta ile chupa, akajiongezea chai.

"Kwetu hakuna aliyewahi hata kuigiza," akasema. "Nakuja hapa."

Mama nilipompigia alipiga vigelegele kwenye simu. Mimi nikalala kwa furaha.

Asubuhi nikaja kazini najua mchezo umekwisha. Saa nne namkuta Ombeni anamimina.

"Mgeni si kaondoka?" nikamuuliza.

"Kwani alikuwa anakunywa peke yake?"

Ikaendelea hivyo wakati wote tunasubiri vibali vya uhamisho. Wauguzi walewale wachache, watoto wanalia vilevile, upepo uleule. Ila mimi nikaanza kupona. Nikawa nalala usingizi wa kweli. Yule bibi aliporuhusiwa na mjukuu wake alinishika mkono, akaniambia pilipili imepungua.

Wakuu, nikawa sitaki kuondoka. Nilishika simu nimwambie Rehema tuache, nikakumbuka watoto wake wako Singida wanamuuliza baba yao mama anakuja lini. Ningemwambiaje, kwamba nilikuwa namtania?

Nikaondoka. Nililia kwenye basi mpaka Dodoma. Jirani wa siti alidhani nimefiwa, akanipa pole na karanga, nikapokea vyote.

Sasa niko Morogoro. Mama ana raha, ananipikia kama mgeni. Hospitali ni kubwa, majengo mazuri, na hakuna anayekaa. Rehema kila saa nne ananitumia picha ya chupa ya chai kwenye kile kitenge, bila neno lolote. Yule dada hana huruma.

Nikavumilia, mwisho nikanunua chupa. Nikaiweka kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, na vikombe viwili. Wenzangu wakaniuliza nauza bei gani. In-charge akapita akanitazama kama mtu mwenye homa. Nikawa nakunywa peke yangu, nimekaa, naona aibu lakini nimekaa.

Juzi kuna dada ambaye hata salamu hatukuwahi kupeana vizuri. Akachungulia kulia na kushoto, akavuta stuli.

"Ina tangawizi?"

"Ipo."

Leo nimekuja na kikombe cha tatu.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hamjaanza kutafuta wa kubadilishana naye, jaribuni kwanza kuigiza wiki moja hapohapo mlipo. Mimi nilihangaika kutafuta raha Morogoro, kumbe nilikuwa naitengeneza kwa mikono yangu na kumkabidhi mtu mwingine.

Wa wodini, mashuleni, maofisini, ninyi huko mnakaa chini? Tupeni uzoefu. Nitamjibu kila mtu, ila saa nne asubuhi msinitafute, nitakuwa nimekaa.