Kiti Kilichofungwa Kama Gunia la Mpunga

Wajinga nimewaona wengi, kutoka Chita mpaka Kibaoni, lakini anayeuvaa ujinga wake kama suti ya harusi ni mmoja tu: shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Mpe shoka na uzi, atakufanyia upasuaji wa jicho.

Binti yetu alikuwa na miezi minane, na bibi yake wa kijiji cha Mbingu alikuwa hajamshika. Gari tulishapata, kuukuu kunizidi mimi. Mke wangu akatoa sharti moja: mtoto hapakatwi njiani. Kama hana kiti chake, safari hakuna.

Kwenye duka la mitumba muuzaji akanionyesha viti viwili vya watoto vya kufunga garini. Kimoja kiling'aa kama uso wa bwana harusi.

"Hiki daraja la kwanza, bosi. Kimetoka nje."

"Hata nzige wanatoka nje," nikamjibu.

Mimi ni mhitimu wa shule ya jioni, miaka minne ya kupigana na fizikia huku usingizi ukinipiga mimi, na huko nilijifunza kugeuza kila kitu nione upande wa chini. Nikavua kitambaa. Plastiki ilikuwa na ufa kama mto Kilombero, umepakwa mafuta ya kung'arishia dashibodi! Mtu aliyelea watoto anakaa chini anapaka ufa mafuta. Cha pili kilikuwa kibaya, rangi ya uji uliomwagika, ila kizima, mikanda imara, na maelekezo bado yamebandikwa ubavuni. Nikachukua hicho kibaya.

Nyumbani shemeji alinisubiri na vipande vya mpira wa tairi, vile anavyofungia mizigo.

"Shemeji, mkanda wa gari ni urembo tu. Nabeba mpunga kwa pikipiki tangu sijaota ndevu. Gunia langu halijawahi kuanguka."

"Kwani ndevu zimeota lini?"

Nilipokuwa nakunywa chai akafunga kiti siti ya nyuma, mafundo sabini, kikitazama mbele, "ili mtoto aone njia." Maelekezo hakuyagusa hata kwa jicho.

Sikubishana. Nikaweka kwenye kiti mfuko wa mchele, kilo nane, uzito wa binti yangu, nikaufunga vizuri kwa mikanda yake. Shemeji akapanda mbele akitabasamu. Barabara ilikuwa tupu. Nikaenda mwendo wa bata aliyeshiba, nikakanyaga breki.

Kazi ya mpira ni kuvutika, nao ukavutika. Kiti kikaja na mafundo yake yote, kikanigonga kisogo, mfuko ukapasuka. Nadhani kuku wa Mahenge walipata habari. Mpaka leo nikiwasha feni ya gari, unanyesha mchele.

"Umefunga breki ghafla mno," akasema shemeji, punje zikimtoka sikioni.

"Ng'ombe wa barabara ya Mlimba watakuandikia barua kwanza?"

Nikasoma maelekezo mara tatu. Nikakigeuza kiti kitazame nyuma, nikapitisha mkanda wa gari kwenye matundu yake, nikakandamiza kwa goti, nikavuta. Nilipokitikisa, gari lote likatikisika nacho.

Safari ikaanza, mke wangu mbele, shemeji sasa nyuma, pembeni ya mtoto. Mkanda wake mwenyewe aliukataa. Eti yeye si kichanga. Binti alilia kama king'ora, akitaka kubebwa. Karibu na Mbingu kundi la ng'ombe likaingia barabarani. Breki! Kilio kikakatika. Nadhani moyo wangu ulitangulia kufika kijijini. Kisha mtoto akavuta pumzi, akaendelea kulia palepale alipoachia, kiti hakijasogea. Aliyesogea ni shemeji: paji la uso lilikuwa limekita kwenye kiti cha mbele.

Tulipofika, bibi alitoka uani, akachungulia dirisha la gari.

"Mjukuu wangu mmemfunga kama mbuzi wa mnada?"

"Shikamoo, mama," akasema mwanawe, ameshika nundu. "Mbuzi ambaye hakufungwa ni huyu hapa."

Miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza yenye akili. Nikafungua mikanda, nikampa bibi mjukuu wake.