Siku Babu Alipoutoa Ufalme

Mwezi uliopita, hapa Kasulo ninapoishi, jirani alichoma ngozi kuukuu ya ng'ombe nyuma ya nyumba yake. Harufu ilinikuta nikichambua maharage. Niliacha ungo nikaingia ndani, wanangu wakadhani naumwa. Wao sikuwaambia kitu; ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Kibimba na Babu, mzaa baba. Ujanani mwake Babu alikuwa mpiga ngoma wa mwami, mtawala wetu wa zamani, kabla serikali haijaondoa utawala wa machifu. "Mwami hakuweza kula kabla sijapiga," alijisifu. "Njaa yake ilikuwa mikononi mwangu!" Kisha alicheka mpaka akakohoa.

Utawala ulipokwisha, wengine waliondoka na mikuki na viti. Yeye alibaki na ngoma moja ndogo, akaifunga kwa majani makavu ya migomba na kuiweka kwenye dari la jiko, ili moshi uilinde na wadudu. Siku moja alinionyesha, mimi peke yangu. "Ufalme wetu wote umebaki humu," alisema, akiipapasa kama anayembembeleza mtoto.

Mwaka huo mdogo wangu Deo, ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza, aliugua. Zahanati walimpa dawa, akapata nafuu, homa ikarudi. Baba alikuwa Runazi, upande wa Biharamulo, akilima mahindi. Mama alihangaika peke yake.

Kwenye mafundisho ya komunyo, mwalimu wa dini alitueleza kwamba zipo falme za giza, hazionekani, nazo hujificha hata majumbani na kutesa watu. Nikanyoosha mkono. Nilipenda kuonekana najua.

"Mwalimu, ufalme wetu sisi uko jikoni, ndani ya ngoma."

Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka.

Jumapili baada ya misa alikuja nyumbani na akina mama watatu wa jumuiya. Babu alikuwa uani akimenya mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibuni."

Mwalimu alieleza kilichowaleta. Kabla hajamaliza, mama alitoka na Deo mgongoni, akapiga magoti mbele ya Babu.

"Baba, mtoto anakwisha. Kama ni hiyo ngoma, naomba itoke."

Babu alinitazama mara moja tu. Niliinamisha kichwa nikingoja anikemee. Aliingia jikoni, akapanda juu ya kinu, akaishusha mwenyewe, kisha akaifungua jani moja moja.

"Inuka, Mama Yusta," alisema, akimwita mama kwa jina langu. Akawageukia wageni. "Chukueni."

Waliichoma palepale, wakiimba. Ngozi ilijikunja, ikapasuka kwa mlio mdogo. Babu alirudi kwenye mihogo yake, nikamwona akimenya hata ile aliyokwisha kuimenya.

Deo alifariki wiki mbili baadaye. Ngoma haikutajwa tena nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba Babu alishindwa siku ile, kwamba aliukubali ubaya wa kitu chake. Baada ya kuzaa mtoto wangu wa kwanza, nilimuuliza.

"Babu, uliamini kweli kwamba ngoma ile ilimtesa Deo?"

"Mti na ngozi ya ng'ombe? Hapana."

"Kwa nini basi uliitoa?"

"Mtoto angekufa ngoma ikiwa darini, mama yako angenitazama vipi? Tungekaaje nyumba moja?"

Ndipo nikaelewa kwa nini mama, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa akimpikia mzee yule, asiye na jino hata moja, ugali laini, na kumwita Baba bila kinyongo. Babu aliutoa ufalme wake akijua hilo halitamponya mtoto.

Dakika ile ndiyo niliyopaswa kumwomba msamaha kwa kutoa siri yake. Badala yake nilimwongezea uji, nikidhani siku bado zipo. Mvua za vuli zilipoanza, tulimzika.