Kupe wa Baba Mkwe

Mkwe mwenye akili humjua baba mkwe wake kuanzia shingoni kwenda juu. Anaijua kofia, anakijua kikohozi cha kumaanisha mazungumzo yamekwisha, basi, inatosha. Mimi wangu namjua mpaka makalio. Sikuomba, na leo nalisema kwa sauti kwa sababu wote waliopaswa kunikasirikia wameshakasirika.

Nina duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki Kayanga. Kwetu ni Muleba, kwa Wahaya, nimeoa Ihembe, na wakwe zangu hawajawahi kuniacha nisahau. Kwao Mhaya ni mtu wa kuongea mengi na kushika jembe kidogo. Baba mkwe ni Mnyambo wa migomba na kahawa, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na yote makali. Miaka sita nilikuwa nakwenda kumsalimu, "Shikamoo, Baba," naye anajibu marahaba huku anatazama ng'ombe.

Kilichonifungulia mlango ni uongo. Siku moja, rubisi, ile pombe ya ndizi, ikiwa imenishika kidogo, nilisema marehemu babu yangu alikuwa mwindaji na alinifundisha upinde. Babu yangu alikuwa karani. Lakini mzee aligeuka akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nitoe mahari.

"Unajua upinde?"

"Najua, Baba."

"Jumamosi," akasema.

Jamani! Nilipanda bodaboda mpaka Murongo kumtafuta mchuuzi mmoja anayeuza chochote kilichopata kuvuka mpaka. Alinitolea upinde wa kizungu mweusi, una vigurudumu juu na chini, na kamba zinapishana mle ndani mpaka unashindwa kujua uingize wapi mkono. Akaniapia kuwa ukishika huo, mnyama anajileta mwenyewe. Nikauchukua, na mishale yake ya plastiki. Uongo ukishaanza hauna breki.

Mzee alipouona, aliuzunguka kama anayenunua fahali.

"Mkwe, hii ni silaha au baiskeli?"

Wake ulikuwa mti mtupu, umelainishwa na mikono mpaka unang'aa, na kamba ya mshipa wa ng'ombe aliyoisokota mwenyewe. Mishale ilikuwa na manyoya ya kanga mkiani na vyuma alivyovifua fundi kutoka kwenye misumari mirefu. Aliificha yote darini kwenye gunia la kahawa, maana mama mkwe alishamwapisha: tangu awe mzee wa kanisa, mambo ya porini basi. Siku hiyo tulimwambia tunakwenda kuangalia kahawa ya shamba la chini. Kuhusu sheria, nilimkumbusha njiani kwamba hatuna kibali cha kuwinda.

"Na yule pongo alipokula maharage yangu," akasema, "alikuwa na kibali?"

Sitasema tulikwenda mlima gani, sina hamu ya kulala ndani. Tulitambaa kwenye majani marefu asubuhi nzima. Nguo zetu zililowa kwa umande, magoti yakaniuma, nikaanza kumheshimu babu yangu kwa kuchagua ukarani. Kisha mzee akaniinulia kidole. Pongo dume alikuwa pale, hatua thelathini hivi, amesimama kwenye kichaka na madoa yake meupe, anatafuna bila wasiwasi. Mzee akanipa ishara nianze mimi. Ilikuwa heshima, naapa.

Nikavuta. Vigurudumu vikalia kwiiii!

Mimi, ninayeuza oili na grisi siku sita za wiki, sikuwa nimetia hata tone. Pongo alibweka mara moja kama mbwa, akapotea. Mshale wangu ulikwenda zake, na kamba ikanichapa mkono mpaka nikalia. Mzee alikaa chini kwenye majani. Nikajua nimekwisha. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka kofia ikaanguka, machozi yakamtoka, na mimi nikacheka naye, tumekaa majanini kama watoto watoro wa shule. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile nyumbani kwao.

Tulipokuwa tunateremka mzee alianza kujikuna. Alikwenda hatua kumi, akajikuna tena.

"Mkwe. Macho yako mazima?"

"Mazima, Baba."

"Njoo nyuma ya kichaka hiki. Ukisema neno, nitakulaani."

Kupe alikuwa amejibana kwenye kalio la kushoto, ameshazamisha kichwa. Nilitaka ardhi ipasuke. Baba mkwe ni mtu ambaye hata kiti chake sikikalii, na sasa nimepiga magoti nyuma yake na kiberiti mkononi, kwa sababu aliamuru nimchome kupe kwanza ndipo nimvute. Nikachoma. Nikamchoma na mzee. Akatukana kwa Kinyambo neno ambalo mpaka leo mke wangu anakataa kunitafsiria. Nilimvuta kupe kwa kucha, akatoka nusu.

"Ng'ombe zangu naziogesha kwenye josho," alinung'unika akipandisha suruali, "mimi nani ataniogesha?" Kisha akanikazia macho. "Hili limezikwa hapa. Mama yako asijue porini, asijue kupe, asijue uliona nini."

Nikaapa. Nilikuwa na raha hata ya kuapa, kwa sababu kwa mara ya kwanza tulikuwa na siri yetu wawili.

Siku ya saba mke wangu aliniambia baba yake ana homa. Kipimo cha malaria kilisema hakuna, wakampa dawa ya malaria hata hivyo, kama tunavyojua. Baadaye wakasema ni taifodi. Kichwa kilimpasuka, akaacha kula, mwisho tukamlaza hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, na hapo ndipo mkosi ulipozidi: mzee alikubali kukaguliwa kifua, ulimi na macho, lakini daktari alipogusa shuka la chini, mzee alilishika kwa mikono miwili.

"Mzee amekuwa porini karibuni?" daktari akauliza. "Ameumwa na mdudu yeyote?"

"Huyu?" akasema mama mkwe. "Huyu ni kanisani na shambani tu."

Mzee alikuwa ananitazama. Alikuwa amechoka, midomo imekauka, lakini macho yalikuwa yale yale ya nyuma ya kichaka. Nikanyamaza. Nasema ukweli, nilinyamaza, nikatoka nje kujifanya natafuta maji ya kunywa. Nilijiambia kupe ni kitu gani? Ng'ombe wana kupe, mbwa wana kupe, wote wapo. Nilijua najidanganya. Nilimwogopa mama mkwe, niliogopa kurudi kuwa yule Mhaya wa kuitikiwa huku ng'ombe wanatazamwa.

Kesho yake mzee hakumtambua mkewe. Alikuwa anawaka moto, anapapasa hewani kwa mkono, na anaongea.

"Baiskeli inalia," alisema. "Pongo amekimbia. Baiskeli inalia, mwambieni atie oili."

Mama mkwe alimfuta jasho huku analia. "Baiskeli gani, baba wa watoto? Baiskeli tuliuza zamani! Mawe, mama wee! Ananiacha, huyu mtu ananiacha hivi hivi." Mke wangu alimshika mama yake. Daktari alisimama na faili, na uso wa mtu aliyeishiwa dawa za kujaribu.

Ndani ya chumba kile mtu mmoja tu alijua ni baiskeli ipi.

"Ni upinde," nikasema.

Wakanigeukia.

"Tulikwenda porini kuwinda pongo, mimi na Baba. Aliumwa na kupe. Nilimtoa mimi, kwa kiberiti." Nikaona wanasubiri. "Kwenye kalio. La kushoto."

 Mama mkwe alinitazama kana kwamba nimevua nguo zangu mwenyewe kanisani, akajitanda kanga usoni, akatoka. Mke wangu alisema, "Wewe!" na sikusikia zaidi. Lakini daktari alikuwa ameshamgeuza mzee. Kilikuwepo: kidonda kidogo chenye gamba jeusi, na pembeni yake alama ya ujinga wangu wa kiberiti.

"Homa ya kupe," akasema. "Dawa ipo, tena ya kawaida kabisa. Mlikuwa mnangoja nini?" Akanieleza, bila huruma, kwamba kupe hachomwi. Anabanwa karibu na ngozi, anavutwa polepole atoke mzima, na mtu akipata homa baadaye anasema, hata kama kupe alikaa pabaya kiasi gani.

Kwa siku mbili mama mkwe hakuongea na mimi. Alikuja, akamlisha mumewe uji kwa kijiko, akanipita. Mara moja tu alisema, akiangalia dirishani: "Miaka arobaini namfulia nguo huyu mtu. Kupe anamwonyesha mkwe." Alikuwa ameumia kweli.

Siku ya tatu asubuhi homa ilishuka. Mzee alifumbua macho akatutazama mmoja mmoja: mkewe, binti yake, daktari. Akafika kwangu.

"Amesema?"

"Amesema, Baba," mke wangu akajibu.

"Mbele ya mama yako?"

"Mbele ya Mama."

Alifumba macho. Nikaingoja laana yangu, na nilikuwa tayari kuipokea, mradi anayeitoa anapumua. Machozi yalikuwa yananitoka bila aibu.

"Na yeye mmemkagua?" akauliza mzee kwa sauti ya kukwaruza. "Tulitambaa majani yale yale."

Hakuna aliyekuwa amewaza hilo, na mimi wa kwanza. Kweli nilikuwa na kichwa kinachogonga tangu juzi, nikakilaumu kiti cha hospitali. Na palikuwa na mahali pananiwasha, juu ya paja, upande wa ndani kabisa, mahali ambapo mtu hapatazami bila sababu.

"Vua suruali," daktari akasema.

"Mbele ya Mama?"

"Hata mimi nilivuliwa," akasema mzee kutoka kitandani.

Nilimtazama mama mkwe nikingoja atoke, kama alivyotoka siku ile. Alinyanyuka. Akafika mlangoni, akasimama, akarudi hatua mbili, akaugeukia ukuta na kujitanda kanga mpaka puani. Safari hii hakutoka.

Nikafungua mkanda. Daktari akainama.

"Kidonda kipo?" mama mkwe akauliza ukuta.

"Kipo, Mama," nikajibu mwenyewe.