Mama Vichupa na Mkojo wa Rafiki

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamume mgeni anatokea kwenye dirisha la maabara ya hospitali, kashika chupa ya soda iliyoviringishwa gazeti.

"Dada, nimeleta mkojo. Si wangu. Ni wa rafiki."

Mtaalamu wa maabara anaigusa chupa. Ina joto kama chai.

"Mwambie rafiki aje na kibofu chake. Huu umeshapikwa njiani."

Wenzake humwita Mama Vichupa. Ana miaka kumi na tisa kazini, na miwili ya mwisho yumo katika utafiti wa protini zinazoonekana kwenye mkojo wa wanaume ambao tezi dume yao imevimba na kuuma kwa muda mrefu. Protini hizo huharibika upesi kwenye joto. Kichupa kikijaa, yeye hukikimbiza kwenye barafu.

"Ndiyo maana sivai viatu vya visigino," anacheka.

Mgeni ameketi kwenye benchi, kakalia tako moja. Mama Vichupa anaujua mkao huo wa wagonjwa wake.

"Na rafiki yako hukaa hivyohivyo?"

Mwanamume anacheka, kisha machozi yanamlengalenga. Ni fundi cherehani. Miaka sita anaumwa, na mara tano amepewa dawa za magonjwa ya zinaa. Mkewe ameamua kuna mwanamke mwingine. Mke huyo amehamia kwa dada yake.

"Nimeapa mpaka nimechoka."

"Nipe mkojo mpya hapahapa. Majibu yakitoka, mlete mkeo. Nitakaa naye mimi mwenyewe."

Majibu yanatoka: vijidudu vya zinaa hakuna, protini ziko juu, na uchunguzi wa daktari unakubaliana nazo. Lakini mke anapata nafasi Alhamisi saa nne tu, saa ileile Mama Vichupa anapotakiwa ukumbini kuwaeleza wageni utafiti huo. Hajawahi kupanda jukwaani. Gauni la siku hiyo ameshashonesha.

"Miaka yote hiyo kazini, halafu jukwaa unamwachia nani?" mkuu wake anashangaa.

"Yeyote anayejua kusoma. Maelezo nimeyaandika. Fundi nilimwahidi mimi."

Kwa hiyo Alhamisi yumo katika chumba kidogo cha daktari, na gauni lake jipya. Anatamani kipimo hicho, kikishathibitishwa, kifike hadi zahanati ndogo, "mtu asivunje nyumba kwa sababu ya tezi."

Mke amekunja mikono. Daktari akishamaliza kueleza majibu, mke anamgeukia Mama Vichupa.

"Wewe mwanamke mwenzangu. Kipimo kinasema hakwenda nje?"

"Hakijui alilala wapi, mdogo wangu. Kinasaidia kuonyesha anaumwa nini. Na ugonjwa huu mtu huupata bila kwenda kokote."

"Miaka sita alikuwa anaumwa tu?"

"Alikuwa anaumwa."

Makofi yanalipuka ukumbini, ng'ambo ya ukuta. Mama Vichupa hageuki. Anasogeza kiti karibu na mke wa fundi.

"Uliza lingine."