Mbwa wa Kulinda Mapapai

Baba, karani wa bandari aliyehamishiwa Mtwara kutoka bara, alileta mbwa kwa kazi moja tu: kuwafukuza ndege waliodonoa mapapai yetu nyuma ya nyumba. Asichojua ni kwamba kazi hiyo tayari ilikuwa na wenyewe, watoto wa jirani, waliopita uani kila jioni na manati zao. Mbwa alipofika, wakakoma. Nyumba zote za jirani zilikuwa za Waislamu, na mtoto gani alitaka kulambwa na mbwa, kisha mama yake amkoshe mara saba, mojawapo kwa udongo?

Ndege si wajinga. Wiki haikwisha, wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Mbwa alilala chini ya mpapai, nao wakimnyofoa manyoya wakajengee viota. Hakufungua hata jicho, mvivu yule.

"Jirani," mama wa nyumba ya pili alimwuliza Baba kutoka ng'ambo ya ua, "umefuga mbwa au umefuga ndege?"

Baba alichukua ufagio, akauendea mpapai mwenyewe huku akipiga kelele. Ndege wakaruka. Mbwa akaamka, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu akabweka kwa hasira. Alimbwekea Baba.