Mpira Ndani ya Pipa la Ngozi

Nilipoolewa pale Iyunga miaka ya hamsini, nilikuwa binti wa Kinyakyusa niliyefundwa barabara: baba mkwe hatazamwi, hasemeshwi, akija njia hii wewe unashika ile. Naye alikuwa akikohoa kwa mbali ili nipate nafasi ya kukimbia.

Asubuhi moja nilikuwa najaza pipa lake la kulowekea ngozi, lenye chokaa na uvundo wa kukata pumzi, kwa mpira uliochomekwa bombani. Nikasikia kikohozi. Nikauachia mpira ukazama pipani, nikatoka mbio hadi nyuma ya jiko. Niliporudi, bomba limefungwa, mpira umetundikwa ukutani, na pipa nililokaribia kulijaza limepungua. Nikasema moyoni, hapa pana mwizi. Nikamfikiria mama mjane aliyekaa bondeni, karibu na bomba la chini. Sababu sikuwa nayo, ila kila mtu alimfikiria yeye kwa kila jambo.

Siku ileile watoto waliokunywa maji ya bomba la chini walitapika mpaka wakalegea. Watu wakakumbuka kwamba mjane ndiye aliyetangulia kufika bombani, akasuuza kibuyu. Kusuuza, au kutia kitu? Hakuna aliyemsalimia tena. Baba mkwe alipaza sauti kuliko wote: mwanamke yule ahame kabla ya Jumapili.

Ijumaa akaja fundi wa maji. Nikiwa jikoni nilimsikia akiwaeleza wanaume uani.

"Jamani, asubuhi ile nilifunga maji kule juu nitengeneze bomba. Maji yakikatika, bomba linanyonya. Kama kuna mpira umezama kwenye uchafu, uchafu unarudi humohumo bombani, unawashukia wa chini. Mpira uning'inie juu ya pipa, usiguse maji."

Wakamcheka. Maji yapande mpira, tangu lini! Mimi sikucheka. Nilijichukia, nikaogopa, na nikajua kwamba nikinyamaza yule mama atafukuzwa kwa kosa langu.

Nikatoka. Nikasimama mbele ya baba mkwe, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Mama mkwe akapiga yowe.

"Tata, nisamehe. Mpira niliuzamisha mimi, nilipokukimbia. Lakini nani aliutoa akautundika?"

Akainamisha macho, kama nilivyofundishwa mimi. Wanaume wakatazamana. Fundi akarudia swali langu, polepole.

"Niliutoa mimi," baba mkwe akasema. "Na maji ya watoto niliyanusa. Harufu ya ngozi zangu naijua."

Sikusubiri neno jingine. Niliteremka bondeni mbio, nikiita "Mama! Mama!" kabla sijafika. Mlango ulikuwa wazi, kitanda kitupu, majivu jikoni bado ya moto. Hakuingoja Jumapili.